Mzee Anapumzika, Dada Amelala

Kuna uongo mmoja ambao karibu kila mtu ninayemfahamu huusema, walokole na masheikh wakiwemo, na hakuna anayeuhesabu kuwa dhambi. Simu inaita saa nane na robo mchana. Unaipapasa chini ya mto, unakohoa mara mbili kusafisha koo, kisha unaipokea kwa uchangamfu wa mtu aliyetoka kupandishwa cheo. Upande wa pili: "Samahani, nimekuamsha?" Na wewe, huku mkeka umekuchora mistari shavuni: "Aa, hata! Niko macho. Nilikuwa naangalia-angalia vitu hapa."

Vitu gani? Hakuna anayeuliza. Mpigaji naye anajua, maana juzi ni yeye aliyekuwa akiangalia vitu.

Mtu huyohuyo akikupigia saa nane usiku akauliza kama amekuamsha, unamwambia ndiyo, tena kwa ukali. Mwili ni uleule na mto ni uleule. Kilichobadilika ni jua tu. Kwa muda mrefu nilidhani tunadanganya kwa sababu usingizi wa mchana ni uvivu na sisi tunajua. Jibu lingine nililipata jikoni kwangu, na halikunipendeza.

Nafanya kazi za hesabu nyumbani, Dar es Salaam. Ilikuwa Februari, lile joto ambalo feni hulichota upande mmoja wa chumba na kulimwaga upande wa pili. Nilikula, nikaingia chumbani, nikaanguka kama gogo. Saa tisa kasoro nikaamka, nikaenda jikoni kutafuta maji. Dada anayetusaidia kazi alikuwa kwenye kigoda, mgongo ukutani, ungo wa mchele mapajani, kidevu kimeangukia kifuani. Mkono wa kulia ulikuwa bado ndani ya mchele, vidole viwili vimeshika chuya moja aliyokuwa akitaka kuitupa. Sijui alikuwa ameishika kwa muda gani.

Kabla sijafikiri, neno likanitoka: "Dada, umelala?"

Akashtuka, nusura ungo umwagike. "Hapana, baba. Nilikuwa nachambua mchele."

Nikabaki nimesimama na glasi mkononi, jicho langu moja bado halijafunguka sawasawa.

Kiswahili chetu kina adabu zake, na adabu hizo zina ngazi. Mkubwa halali mchana, anapumzika. Ukimfuata nyumbani utaambiwa "mzee kajipumzisha kidogo", na utaondoka kwa heshima ukirudishia geti polepole. Mgonjwa naye anapumzika, na marehemu amepumzika. Lakini mlinzi, kuli, kijana wa bodaboda na msichana wa kazi, hao wamelala. Na kitenzi hicho kikishatua juu ya mtu, hakiji peke yake. Tunasema "wenzako wako mbele, wewe umelala", "changamka, usilale". Kulala kwa maana hiyo kumekwisha kuwa jina la ujinga na uzembe, na hakuhitaji hata macho kufumbwa.

Ndiyo maana nasema hatia tunayoisikia saa nane mchana haitokani na usingizi, inatokana na cheo. Tunaogopa kwamba tukikiri "nilikuwa nimelala" tutashushwa ngazi moja, tukae pamoja na wale ambao usingizi wao huitwa kosa. Mtu aliye kwake, muda wake, kazi yake imekwisha, bado anakohoa kusafisha koo. Anamdanganya nani? Msimamizi asiyeonekana.

Kama mnadhani natia chumvi, angalieni Ramadhani. Mwezi ule mfanyakazi akijilaza msikitini baada ya Adhuhuri hakuna anayemnyooshea kidole. Watu husema usingizi wa mfungaji ni ibada, wengine wakidai ni hadithi ya Mtume, wengine wakiipinga. Mwili haujui kwamba mwezi umeandama. Unasinzia saa zilezile za Shaabani. Kilichokuja ni ruhusa, na ruhusa ikija hatia inatoweka bila dawa. Sikukuu ikipita, Mfungo Mosi bado haujapoa, tunarudi kuangalia-angalia vitu.

Kuhusu mwili wenyewe sina mengi, kwa sababu mambo yake si ya kubishaniwa sana. Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kahawa haiiondoi, kafeini huziba tu mahali ambapo ingekaa. Juu ya hilo, saa ya mwili ina bonde lake mchana, kati ya saa saba na saa kumi hivi, na bonde hilo huja hata kwa mtu ambaye hakula chakula cha mchana. Ubwabwa na maharage unasingiziwa. Unachangia, lakini kesi si yake peke yake.

Warumi walihesabu saa kuanzia macheo, kama tunavyohesabu sisi. Saa yao ya sita, hora sexta, ilikuwa saa sita yetu ya mchana, na humo ndimo Waispania walimopata neno siesta. Watu wa Ulaya walipohamia kwenye saa inayoanza usiku wa manane, neno lao likabaki yatima, halisemi tena saa ngapi. Sisi tuliobaki na saa ya jua ndio tungelielewa bila kamusi.

Mwaka 1994 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa ripoti kuhusu marubani wa ndege za masafa marefu kuvuka Bahari ya Pasifiki. Waliopewa dakika 40 za kupumzika kitini, mmoja mmoja huku wenzao wakiendesha, walilala wastani wa dakika 26, na baadaye walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 34 katika vipimo vya utendaji, na asilimia 54 katika vipimo vya kuwa macho, ukiwalinganisha na wenzao wasiopumzika. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo asilimia hizo msizibebe kama aya. Ninachokipenda ni ule utaratibu. Rubani alilala kwa zamu, kwa makubaliano, na wa pembeni yake alijua kwamba amelala. Hakuna aliyeshika chuya.

Bibi yangu Tanga hakuwahi kudanganya kuhusu jambo hili. Akishaswali Adhuhuri na kula, alitandika mkeka ukumbini pale upepo wa bahari ulipopenya, akavua kanga moja akajifunika, na mlango ukarudishiwa nusu. Mlango nusu ulikuwa tangazo. Jirani aliyekuja akauona alijua arudi baada ya Alasiri, na kama ana haraka ya moto au ya maiti, basi apige hodi. Sisi wajukuu tulilazwa kwa vitisho: nje jua la utosi, mashetani wanapita. Ukubwani nikaja kusikia kwamba imepokewa hadithi inayosema laleni kailula, yaani usingizi wa mchana, kwani mashetani hawalali kailula, na kwamba wanazuoni wanabishana juu ya nguvu ya mapokezi yake. Bibi hakujishughulisha na mapokezi. Alikuwa keshalala.

Desturi hiyo haijafa. Unguja Mjini mpaka leo utakuta maduka mengi madogo yamefungwa mchana, yanafunguliwa tena Alasiri, na mtalii amesimama kwenye kibaraza anauliza kulikoni. Na si desturi tu. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu ambazo watoto na watumwa wa nyumba lazima waombe ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya Alfajiri, mnapovua nguo zenu adhuhuri, na baada ya sala ya Isha. Aya haiwahimizi watu walale mchana. Inachukulia tu kwamba wanalala, kama inavyochukulia kwamba usiku wanalala, kisha inaweka adabu ya mlango.

Nimeisoma aya hiyo tangu chuoni. Baada ya tukio la jikoni nikaona jambo ambalo nilikuwa nalipita: anayepiga hodi ni mtumishi. Aya inalinda sitara ya nyumba. Mtumishi naye alilala saa ngapi, hilo ni swali langu mimi, na bibi yangu pia angepaswa kuulizwa, maana pale ukumbini kulikuwa na mtu aliyebaki uani akisugua masufuria wakati sisi tunakoroma. Simkumbuki jina. Nakumbuka sauti ya majivu kwenye bati.

Kwa hiyo simulizi ya kwamba Waswahili wa zamani walipumzika kwa amani, kisha mkoloni akaja na kengele yake akatuharibia, mimi siinunui yote. Kengele ilikuja kweli, kwenye mashamba ya mkonge na misheni, na kipande, ile kadi ya kibarua, kilihesabu siku za mtu kama mayai. Lakini ngazi ya nani analala na nani anasugua aliikuta ipo. Yeye aliongeza jina baya.

Uhuru nao ulikuja na jembe. "Uhuru na Kazi" ndiyo iliyokuwa kaulimbiu ya TANU, na mwaka 2015 tukapata nyingine fupi zaidi, "Hapa Kazi Tu". Sizicheki, nchi changa haijengwi na watu waliolala. Ila lisomeni Azimio la Arusha la mwaka 1967, ile sehemu ya kufanya kazi kwa bidii. Linasema wazi kwamba wanawake vijijini wanafanya kazi mno, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, wakati wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Ni uchunguzi mkali na wa kweli, na ni nadra chama tawala kuandika hivyo. Lakini dawa iliyofuata ilikuwa nguvu za hao walioko likizo zitumike. Yule wa saa 14 alisifiwa, akaachwa na jembe lake. Ingekuwaje kama siku ile tungeandika pia kwamba mama huyu alale saa nane?

Wakristo wa kijijini kwa mke wangu wananipiga na Mithali, sura ya sita: mvivu aende kwa chungu, na kulala kidogo, kusinzia kidogo, umaskini huja kama mnyang'anyi. Nawajibu kwa Eliya. Katika 1 Wafalme 19 nabii amechoka mpaka anaomba kufa, analala chini ya mti wa mretemu baada ya mwendo wa siku moja jangwani, na malaika anamwamsha kwa mkate na maji. Anakula, analala tena. Malaika hamwambii changamka. Anamwacha, kisha anamwamsha mara ya pili kwa chakula kingine, kwa sababu, anasema, safari ni kubwa.

Na methali yetu wenyewe tunaisoma nusu. Mchumia juani hulia kivulini. Tunapowasomea watoto tunakaza sauti kwenye jua, kana kwamba jua ndilo fundisho. Kivuli kimo humo kwa haki kabisa, ndiyo malipo yenyewe. Tatizo ni kwamba mjini wanaochumia juani na wanaokaa kivulini wamekuwa watu tofauti.

Nendeni Kariakoo saa nane mkaangalie mikokoteni iliyoegeshwa kwenye kivuli cha ghorofa. Ndani ya mkokoteni mmoja kuna mtu, miguu inaning'inia nje, kofia usoni, kandambili zimewekwa chini ya kichwa zisiibiwe. Anaamka saa kumi za usiku kupokea mizigo. Kwa hesabu ya kawaida, saa nane mchana kwake ni kama saa kumi jioni kwa karani anayeamka saa kumi na mbili asubuhi. Wapita njia wanasema "vijana wa siku hizi". Mita kumi juu yake, nyuma ya kioo chenye kiyoyozi, kuna meneja ambaye kiti chake kinalala nyuma kwa kubonyeza kitufe. Kiti hicho kiliagizwa kwa ajili ya mgongo.

Kuna utafiti mmoja wa kwetu nchini ambao siuachi. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa Wahadza, huko karibu na Ziwa Eyasi: watu wazima 33, siku 20, kila mmoja na kipimo mkononi. Katika zaidi ya saa 220 za usiku, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu wakati wote kulikuwa na mtu macho, na hakuna aliyepangiwa zamu. Wazee waliamka mapema, vijana walichelewa kulala, na kambi ikalindika. Watafiti walikuwa wakiangalia usiku, mimi nafikiria mchana. Kulala kwa mmoja kuliwezekana kwa sababu mwingine yuko macho, kisha wakabadilishana. Kwenye nyumba zetu sehemu ya kwanza ipo. Ya kubadilishana ndiyo haipo.

Kuna wanaosema ukiruhusu watu walale, hawaamki. Ni kweli kwamba usingizi wa mchana una kipimo. Ukipita nusu saa unazama kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa hapo unatoka na kichwa kama boga, hasira bila sababu. Dakika 20 zinatosha. Ukilala baada ya Alasiri, usiku utahesabu mabati ya dari. Wazee walisema anayelala alasiri huamka na wazimu, nami nadhani walimaanisha hicho kichwa cha boga. Anayeteseka kukosa usingizi usiku, wa mchana humzidishia. Na mtu anayesinzia kila siku katikati ya mazungumzo, au anayekoroma usiku kisha pumzi ikakatika, aende hospitali, maana hiyo inaweza kuwa ishara ya maradhi. Kanda ya Ziwa hawahitaji kukumbushwa: mbung'o alileta ugonjwa ambao mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, na watu wakauita malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita uliua malaki ya watu upande wa Uganda. Usingizi wa mchana uliowahi kuwa dalili ya kifo una haki ya kuogopwa kidogo.

Lakini hizo ni habari za kipimo. Wanaolala kupita kiasi hawakunifanya mimi nimuulize dada "umelala?" kwa sauti ile.

Kwa upande wa sheria, hatuko uchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika zisizopungua 60. Haisemi azitumie kula, kusali au kulala. Oman, ambako wengi wetu wana ndugu, sheria inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni mpaka Agosti. Fundi zege anakaa kivulini kwa amri ya serikali, na tajiri akimrudisha juani ni yeye mwenye kesi. Huko joto limekuwa hoja ya kisheria. Januari ya Dar bado ni jambo la kuvumilia, na anayeanguka anaambiwa hakunywa chai.

Ndani ya nyumba, hata hivyo, hakuna mkaguzi anayeingia. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apate walau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Waulizeni akina dada wa mtaani kwenu kama wanaujua. Wao siku yao huanza kabla ya sala ya Alfajiri kwa kuandaa watoto wa shule, na huisha mgeni wa mwisho anapoacha kikombe.

Kwetu tumebadilisha jambo moja dogo. Baada ya chakula cha mchana vyombo vinalowekwa, havioshwi. Mlango wa jikoni unarudishiwa nusu. Wiki ya kwanza dada alikwenda chumbani kwake akakaa kitandani na kandambili miguuni, tayari, na nilipokohoa sebuleni akatokea: "Abee, baba." Nilikuwa nakohoa tu. Wiki ya pili kandambili zilikuwa mlangoni. Mke wangu alinicheka akasema, "Umegundua leo?" Yeye kwa miaka 20 alikuwa akilala huku ameegemea cherehani.

Juzi simu ya dada iliita kwenye kabati la vyombo, saa nane na nusu. Iliita ikakatika, ikaita tena, nikaona jina la mama yake, nikaogopa labda kuna msiba, nikaipokea.

"Shikamoo, mama. Ni baba wa huku anapofanya kazi. Yupo, ila anapumzika. Nimwambie akupigie saa kumi?"

Upande wa pili kukawa kimya kidogo, jogoo akawika mbali huko Singida.

"Anaumwa?" akauliza.